Askari anampenda mkewe, lakini fomu inasemaje?

Tangu Serikali iseme, Novemba 2025, kwamba huenda Wakenya zaidi ya 200 wamejiunga na jeshi la Urusi katika vita vya Ukraine, kuna hukumu moja inayotolewa haraka mno. Nimeisikia kwenye matatu za Kisumu kwenda Busia, kwenye redio za asubuhi, na nje ya kanisa watu wakingoja mvua ipite. Kwamba hao ni wanaume waliowatupa wake zao. Wakali husema walifuata dola. Wapole husema walidanganywa, lakini nao humalizia kwa kuguna kwamba mwanamume anayempenda mkewe haendi kufia vita visivyomhusu. Ikitajwa KDF, yaani jeshi letu la Kenya, wimbo hubadilika: kijana wetu aliye Somalia ni shujaa, mshahara unaingia kila mwezi, mkewe ametulia, nyumba ya mawe inapanda. Mmoja hana mapenzi, mwingine anayo tele.

Nadhani tumeshika kipimo kisicho chake. Wengi wa waliokwenda Urusi walikwenda kwa ajili ya wake zao wala si kwa kuwakimbia, na wengi wa walio KDF, pamoja na mapenzi yao yote, wamewaacha wake zao pabaya kuliko wanavyofikiri. Pesa inayotumwa haituambii mengi, wala simu ya kila usiku. Swali la maana ni kavu, halina utamu hata kidogo: siku simu ikinyamaza, ni nani aliyeandikwa kwenye fomu ya askari kwamba aambiwe kwanza, na je, sheria inamjua mwanamke huyu kuwa ni mke? Askari anayempenda mkewe lakini hajalijibu swali hilo amempa mapenzi yatakayokwisha siku yeye mwenyewe atakapokwisha.

Tuanze na mapenzi yenyewe, maana ndiyo yanayokanwa. Binamu yangu ni mwanajeshi, na mkewe amepanga nyumba Free Area, si mbali na kambi ya Lanet hapa Nakuru. Mumewe akiwa Somalia, mke huyo alinionyesha jumbe zake kwenye simu. “Shemeji, hebu soma uniambie kama hizi ni barua za mapenzi,” akasema huku akicheka. Hapakuwa na “nakupenda” hata moja. Palikuwa na “Fundi asilipwe mpaka afunge gata.” Palikuwa na “Ndama usiuze, hata mama akisema.” Na “Mguu wa mtoto umeacha kuuma?” Na, karibu kila siku, ujumbe uleule saa tatu usiku: “Umetia komeo mlango wa nyuma?” Asiyejua angedhani ni tajiri anamwandikia mfanyakazi wake. Mimi niliona mtu mwenye bunduki begani, kwenye mchanga mbali na kwao, anayeizunguka nyumba yake usiku kwa maneno kwa sababu miguu haifiki. Alipokosa kuandika siku mbili, mkewe alikuwa akitia komeo mara mbili.

Sikatai kwamba wapo waliokwenda vitani kwa kukimbia nyumba. Wapo pia wenye mke Lanet na mwingine Gilgil, na kila mmoja anaambiwa kwamba likizo imefutwa. Lakini hao hawatoshi kuwa kanuni. Mwanamume mwenye mke asiyempenda ana njia nyingi za kumwacha zilizo rahisi kuliko kupigwa makombora.

Watu wa Nyanza na Magharibi wamewaona waume zao wakienda vitani kwa zaidi ya miaka 100, na historia hiyo ina funzo ambalo hatulitaji tunapojadili habari za leo. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwakomba wanaume wa huku kwa makumi ya maelfu kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza, lililokuwa likimfukuza jenerali Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mtaa wa Kariokor, Nairobi, umebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps. Waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Majina yao yaliandikwa na makarani wasiojua lugha zao, hivyo mtu akaingia daftarini kwa jina la babake, au la kijiji, au kwa tahajia ambayo hata yeye asingeitambua akisomewa. Alipokufa, mshahara uliobaki ukakosa mwenyewe. Fedha hizo zilibishaniwa na maafisa kwa miaka, na mwishowe Hazina ya Uingereza ikakataa kuzitoa. Kulikuwa na wajane, kulikuwa na fedha, na bila shaka kulikuwa na mapenzi. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa wino unaounganisha jina la mume na jina la mke. Hata ukumbusho wa askari hao ulio Kenyatta Avenue unamwahidi mpiganaji kwamba akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Mke hatajwi.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, jeshi lilikuwa limejifunza kidogo. Askari wa King's African Rifles, ambao wazee wa huku waliwaita keya, waliweza kuagiza sehemu ya mshahara ipelekwe nyumbani na kulipwa kupitia ofisi ya DC, mkuu wa wilaya. Barua ziliandikwa pia, kwa wingi. Lakini fikiria safari ya barua moja kutoka Burma mwaka 1944. Askari asiyejua kuandika anamsimulia mwenzake anayejua. Mkaguzi wa jeshi anaifungua na kuisoma. Ikifika kijijini inasomwa na mwalimu au mtoto wa shule, mbele ya mama mkwe. Neno la mapenzi limepita kwenye masikio ya watu kadhaa kabla ya kumfikia mwenyewe. Nani angeandika “nakuwaza usiku” katika hali hiyo? Angeulizia ng'ombe, mbegu na paa. Kwa hiyo wanaosema mwanamume wa huku hajui kupenda kwa maneno wangeanza kwa kuuliza maneno hayo yangepitia wapi.

Tarehe 12 Februari 1944, meli iitwayo Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache. Watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Hakuna kaburi la kupandia maua. Hakuna mwili wa kurudishwa, kuoshwa, kuliliwa na kuwekwa karibu na boma. Huku kwetu, ambako mazishi ndiyo yanayotangaza nani alikuwa nani, nani alikuwa mke na nani mgeni tu, kifo kisicho na mwili humnyima mwanamke zaidi ya mume. Kinamnyima mahali pake pa kusimama. Ndiyo maana nasema karatasi inafanya kazi ambayo mapenzi peke yake hayaiwezi: inamsimamisha mke pale ambapo maiti ingemsimamisha.

Na hata maiti ikiwepo, mapenzi yasiyoandikwa ni ushahidi dhaifu. Kenya nzima ilijifunza hilo katika kesi ya S. M. Otieno. Wakili huyo alifariki Desemba 1986, na kwa miezi kadhaa mjane wake, Wambui Otieno, alipambana na ukoo wa Umira Kager juu ya mahali pa kumzika. Mjane alisema mumewe alitaka kuzikwa karibu na Nairobi. Ukoo ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi, na Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya. Mume alikuwa wakili, walikuwa wameoana kwa sheria tangu 1963, na bado hakuacha wosia. Siwezi kuapa kwamba wosia ungebadilisha hukumu, kwani mahakama zetu hazijawahi kulichukulia agizo la marehemu kuhusu kaburi lake kuwa amri isiyovunjika. Lakini mjane yule alikwenda kortini akiwa na kumbukumbu za mazungumzo ya nyumbani, na upande wa pili ukaja na mila inayojulikana na kila mtu. Kama mambo yalimwendea hivyo mke wa wakili wa Nairobi, mke wa koplo aliye kijijini Vihiga atasimamia nini?

Sasa tuje kwa KDF. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011, na tangu hapo ujumbe wa Umoja wa Afrika umebadilisha jina kutoka AMISOM hadi ATMIS mwaka 2022 na AUSSOM mwaka 2025, lakini kwa mke aliyeachwa nyumbani hali imekuwa ileile: mume anaondoka, anarudi, anaondoka tena. Vijana husajiliwa jeshini wakiwa na umri wa kati ya miaka 18 na 26, wengi wakiwa hawajaoa. Wakiulizwa jina la mtu wa kuarifiwa likitokea jambo, wanaandika la mama. Ni haki kabisa. Mwingine angemwandika nani? Kisha kijana anapata cheo, anapata mkopo, anapata mchumba, anapeleka ng'ombe wa kwanza, watoto wanazaliwa. Maisha yanasonga na karatasi inabaki na miaka 19. Wake wa wanajeshi niliozungumza nao hapa Nakuru wengi hawajui ni jina la nani lililo kwenye faili ya mume. Wachache walimuuliza, wakajibiwa kwamba mambo ya kazini ni ya kazini. Binamu yangu, yule aliyeandika kwamba ndama asiuzwe hata mama akisema, kwenye karatasi zake zote bado amemwandika mama.

Januari 15, 2016, al-Shabaab walivamia kambi yetu ya El Adde, Somalia. Serikali haijawahi kutangaza hadharani idadi kamili ya waliokufa. Picha zilisambaa mitandaoni huku familia zikiwa bado zinapiga simu ambazo hazikupokelewa, na baadhi ya miili ilibidi itambuliwe kwa DNA. Siku chache baadaye ibada ya kumbukumbu ilifanywa katika Kambi ya Moi, Eldoret, marais wakahudhuria. Katika siku kama zile, mke ambaye jina lake halimo kwenye faili hungoja kupigiwa simu na mama mkwe. Akiwa ana uhusiano mzuri naye, atapigiwa. DNA nayo ina ukali wake: sampuli huchukuliwa kwa wazazi, ndugu au watoto wa damu. Mke hana damu ya mumewe. Sayansi haimtambui, kwa hiyo ni lazima kitu kingine kimtambue.

Polisi wetu waliotumwa Haiti kuanzia Juni 2024 wametuonyesha jambo lilelile kwa njia chungu zaidi. Afisa mmoja alitoweka huko Machi 2025. Septemba mwaka huo jina lake likatajwa miongoni mwa marehemu katika hotuba ya kiongozi wa Haiti mbele ya Umoja wa Mataifa, familia yake ikiwa bado inadai majibu hapa nyumbani.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu si ile ya tamaa. Ni hoja ya kimya. Askari wengi huamini kwamba kumficha mke mambo ya vita ndiyo njia ya kumpenda. Ukimwambia uko wapi, halali. Ukimwambia jana gari la mbele yenu lilikanyaga bomu, atakupigia kila saa, na wewe unahitaji akili zako zote. Isitoshe, simu yenyewe inaua. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, makombora ya Ukraine yaligonga jengo walimokuwa wanajeshi wa Urusi mjini Makiivka, na Wizara ya Ulinzi ya Urusi ikasema wanajeshi wake 89 walikufa na kwamba sababu kuu ilikuwa matumizi ya simu yaliyomwonyesha adui walipo. Usiku wa mwaka mpya. Si vigumu kubuni walikuwa wakimpigia nani. Kwa hiyo askari anayezima simu huenda anampenda mkewe kuliko anayempigia, kwa sababu anataka kurudi.

Naikubali hoja hiyo karibu yote. Mke hana haja ya kujua kambi iko upande gani wa mto. Lakini tazama kinachofichwa. Mume haishii kwenye kambi. Anaficha pia kiasi cha mshahara, deni la chama cha akiba na mkopo, jina aliloandika kama mrithi wa hisa zake, hata shamba alilonunua Rongai. Hayo hayamsaidii adui. Kimya kilichozaliwa kwa ajili ya usalama kimehamia kwenye mambo yasiyo na usalama wowote ndani yake, na kikiwa huko kinaitwa heshima. Siri ya vita inamlinda mke. Siri ya mshahara na ya urithi inamlinda mume dhidi ya mke, na hapo ndipo hoja ya mapenzi inapoanza kuyumba.

Kuna hoja ya mama pia, na si ya kudharauliwa. Mama alimsomesha, aliuza kuku apate nauli ya kwenda uwanjani siku ya usajili. Ndoa huvunjika, mama havunjiki. Mwanajeshi aliyeona wenzake wakiachwa wakiwa Kismayo ana sababu ya kumwamini mama. Naielewa, na simwombi mtu amfute mama yake. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inawataja wazazi miongoni mwa wanaoweza kudai kutunzwa kama marehemu alikuwa akiwatunza. Lakini sheria hiyohiyo inamweka mke na watoto kwenye mstari wa mbele, hata mke wa pili aliyeolewa kimila. Anachofanya mume anapomwandika mama peke yake si kumlinda mama. Mama alikuwa na ulinzi tayari. Anawatengenezea wanawake wawili anaowapenda kesi ya miaka mingi katika korti ya Kakamega, ambayo itaanza na barua ya chifu. Barua hiyo ndiyo inayotaja nani walioachwa na marehemu, na chifu huandika anachoambiwa na watu wa boma. Mke ambaye mahari yake haikukamilika, au aliyeishi na mumewe mjini bila kutambulishwa, anaweza kuachwa nje ya barua hiyo bila mtu kupandisha sauti.

Wanaotegemea kwamba miaka ya kuishi pamoja itasema yenyewe wasome uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 2023, iliyosema kwamba kuwahesabu watu kuwa wana ndoa kwa sababu tu wameishi pamoja muda mrefu ni jambo la kufanywa kwa nadra, na kwa ushahidi mzito. Tangu Sheria ya Ndoa ya 2014 hata ndoa ya kimila inapaswa kusajiliwa. Njia ipo. Mwanajeshi aliye likizoni Nakuru akitaka anaweza kuifuata. Lakini likizo ni ya kukutana na marafiki, kupanda mahindi, kuzika wajomba waliokufa akiwa mbali. Ofisi ya msajili haimo kwenye ratiba.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba mke wa askari hula pesa za mume na kijana wa bodaboda, kwa hiyo mume mwerevu humwandika mama na kumtumia mke pesa za matumizi tu. Kila mtaa una hadithi yake ya namna hii, na kila hadithi haina jina la mtu. Ichukulie ni kweli kwa baadhi. Inathibitisha nini? Kama mke si mwaminifu, dawa ni talaka, na sheria inaijua. Kumwacha akiwa mke nyumbani na mgeni kwenye faili hakumrekebishi; kunawaadhibu watoto. Na uwezekano wa mke mmoja kukosa uaminifu hauwezi kuwa sababu ya kuwaacha maelfu ya waaminifu bila jina. Cha ajabu ni kwamba hoja hii haigeuzwi kamwe. Hakuna anayesema kwamba kwa sababu baadhi ya wanajeshi wana nyumba mbili, wake wote waache kuwangojea. Wanawangojea, wanalima, wanalipa karo, wanasimamia fundi afunge gata, na bado ni wao wanaopimwa.

Sasa turudi kwa wa Urusi, maana hapo ndipo tofauti inapokuwa kubwa, na si tofauti ya mapenzi. Wengi wao waliahidiwa kazi za ulinzi, udereva au ufundi. Septemba 2025 wapelelezi waliwaokoa watu zaidi ya 20 waliokuwa wamewekwa katika nyumba huko Athi River wakisubiri safari. Mtu anayekwenda kuwa mlinzi wa ghala hamwandikii mkewe wosia. Anamwahidi mashine ya kushona, ploti, shule nzuri. Akifika anawekewa mkataba wa Kirusi asioweza kuusoma. Kuanzia hapo hakuna hata ule uzi mwembamba alio nao mke wa KDF: hakuna kambi ya kwenda kuuliza langoni, hakuna kasisi wa jeshi, hakuna afisa wa mishahara, hakuna bendera kwenye jeneza. Habari inakuja kwa kijana mwingine aliye kwenye kundi la WhatsApp, au kwa video ya mateka akihojiwa na waliomteka.

Na mke akitaka kuuliza, anauliza kwa nani? Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 68, inamkataza raia wa Kenya kujiunga na jeshi la nchi nyingine bila idhini ya Rais. Kisheria, basi, kuripoti kwamba mume yuko vitani ni kuripoti kwamba mume amevunja sheria. Mwanamke wa Butere ambaye hajawahi kuingia kituo cha polisi ila kwa kuripoti kitambulisho kilichopotea ataingia na maneno gani? Si ajabu wengine wanyamaze, na kunyamaza kwao kukasomwa na majirani kama aibu: mumewe alimtoroka. Hukumu ile niliyoanza nayo inapata ushahidi wake kutoka kwa woga uliotengenezwa na sheria.

Ndiyo maana siafikiani na wanaodhani tatizo litaisha kwa kuwafunga mawakala wa ajira. Wafungwe, wanastahili. Lakini walioenda wameshaenda, na wake zao wanahitaji kitu kingine. Serikali ingetamka wazi kwamba mke anayeripoti mume aliye kwenye jeshi la Urusi hataleta kesi nyumbani kwake, nadhani idadi inayotajwa leo ingebadilika kwa wiki chache, kwa sababu wanaojua waume wako wapi ni wao. Dawati la kupokea taarifa hizo likiwekwa Nairobi tu, mwanamke wa Butere hatafika. Liwekwe kaunti, hata kwenye Huduma Center ya Kakamega na ya Kisumu ambako tayari watu hupanga foleni kwa mambo mengine.

Kwa KDF, jambo ni jepesi zaidi, na ndiyo maana linaudhi. Kabla ya kila kikosi kuvuka mpaka, mwanajeshi hukaguliwa bunduki, buti, chanjo. Haingechukua nusu siku kumpa faili yake aisome tena jina lililomo, na mkewe akiwepo kama anaye. Atakayeona aibu kumleta mke kwa sababu wako wawili, aone aibu hiyo akiwa hai. Atakayetaka kubaki na jina la mama, abaki nalo, lakini mke ajue tangu siku hiyo ili asijenge maisha yake juu ya jambo lisilokuwepo. Wanaume wengine watanuna. Baadhi ya akina mama wakwe watanuna zaidi, na mazungumzo hayo ya nyumbani yatakuwa makali kuliko ya kambini. Bora yafanyike na mwenye mali akiwa amekaa hapo kwenye kochi.

Kwa waliopotea Ukraine, muda umeshaanza kuhesabiwa. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inasema mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangepaswa kumsikia huchukuliwa kuwa amekufa. Mke ambaye mumewe alimpigia mara ya mwisho Oktoba 2025, na ambaye hatapata mwili wala barua wala shahidi, atasubiri hadi Oktoba 2032 ndipo mahakama iweze kumwita mjane kwa kifungu hicho. Mpaka siku hiyo hawezi kuomba usimamizi wa mali ya mume, wala kudai hisa zake kama mrithi hakuwa yeye, wala kuuza mahali walipopanga kujenga. Kama ndoa yao haikusajiliwa, mwaka 2032 atalazimika kwanza kuithibitisha, mbele ya shemeji ambao watakuwa wamelima shamba lile misimu 14.